Kudumaa katika kujifunza ala ya muziki

Kudumaa katika kujifunza ala ya muziki ni kipindi ambacho mwanafunzi wa kinanda, gitaa, tarumbeta, klarineti au ala nyingine anaendelea kufanya mazoezi lakini uwezo wake hauongezeki, au unaongezeka kidogo mno kiasi kwamba mwenyewe haoni tofauti. Hali hii huwapata watoto na watu wazima, wanaofundishwa na mwalimu na wanaojifunza peke yao. Mara nyingi hutokea baada ya kipindi cha kwanza cha maendeleo ya haraka, na ni moja ya sababu za watu wengi kuacha ala waliyoanza kujifunza.

Kudumaa si ugonjwa, wala si ushahidi kwamba mtu hana kipaji. Katika hali nyingi ni dalili kwamba njia ya mazoezi iliyomfikisha mwanafunzi hapo alipo haiwezi kumfikisha mbele zaidi, hivyo inahitaji kubadilishwa.

Makala hii inaeleza asili ya dhana hiyo, sababu zake na mbinu za kuishinda. Mifano mingi inahusu Uru na maeneo mengine ya Moshi mkoani Kilimanjaro, ambako kwaya za kanisa ni mahali ambapo vijana wengi hugusa ala kwa mara ya kwanza.

## Jina na maana

Wanasaikolojia waliazima jina la hali hii kutoka jiografia. Maendeleo ya mwanafunzi yakichorwa kwenye karatasi, muda ukienda kulia na uwezo ukienda juu, mstari hupanda, kisha hulala kama uwanda, halafu pengine hupanda tena. Mfano ulio karibu ni mlima Kilimanjaro wenyewe: upande wa magharibi, msafiri anayepanda hufika kwenye uwanda wa Shira, ambako ardhi inakuwa karibu tambarare kabla ya kuinuka tena kuelekea kilele cha Kibo chenye mita 5,895. Aliye uwandani hajafika kileleni, lakini pia hajarudi chini.

Inafaa kutofautisha kudumaa na mambo mengine mawili. La kwanza ni *kushuka*, yaani kupoteza uwezo kwa sababu ya kuacha mazoezi. La pili ni *kikomo*, yaani kiwango ambacho mtu hawezi kukivuka kutokana na mwili wake, kwa mfano upana wa kiganja. Walio wengi wanaodhani wamefika kikomo wamedumaa tu.

## Historia ya utafiti

Utafiti wa kwanza uliojulikana sana kuhusu kudumaa haukuhusu muziki bali simu za maandishi. Mwaka 1897 na 1899 Wamarekani William Lowe Bryan na Noble Harter walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu waliokuwa wakijifunza kutuma na kupokea ujumbe wa telegrafu. Waliona kwamba uwezo wa kupokea ulipanda, ukasimama kwa muda, kisha ukapanda tena. Maelezo yao yalikuwa kwamba ujuzi hujengwa kwa ngazi: mwanafunzi hutambua kwanza herufi mojamoja, halafu maneno mazima, halafu vifungu vya maneno. Mstari unalala wakati ngazi ya chini haijawa mazoea ya kutosha kuibeba ngazi ya juu.

Maelezo hayo yanauhusu sana muziki. Anayeanza kinanda husoma noti mojamoja. Baadaye huona kodi nzima, yaani sauti kadhaa zinazopigwa pamoja, kama kitu kimoja. Mwishowe huona mstari mzima wa wimbo.

Si wote waliokubaliana na Bryan na Harter. Mwaka 1958 mwanasaikolojia Fred Keller aliandika kwamba uwanda huo ni kama mzuka, si hatua ambayo kila mwanafunzi lazima aipitie. Hoja hiyo inatia moyo: ikiwa kudumaa si lazima, basi kunaweza kufupishwa au kuepukwa.

Mwaka 1967 Paul Fitts na Michael Posner walieleza hatua tatu za kujifunza ujuzi wa mwili. Katika hatua ya kwanza mtu hufikiria kila tendo. Katika ya pili huunganisha matendo na kupunguza makosa. Katika ya tatu hutenda bila kufikiri, kama mtu aendeshaye baiskeli. Hatua hii ya tatu ina faida na hatari zake: vidole vikishazoea kutenda vyenyewe, huendelea kurudia hata makosa yao.

## Dalili

Dalili zinazoonekana mara kwa mara ni hizi:

- Mwanafunzi hupiga nyimbo zilezile miezi mingi, na wimbo mpya humchukua muda uleule kama zamani.
- Hukosea mahali palepale kila mara, akasimama, akarudi mwanzo wa wimbo na kukosea tena.
- Hupiga vizuri akiwa peke yake lakini huvurugika anapoandamana na waimbaji.
- Hukwepa aina fulani za nyimbo, kwa mfano zenye alama nyingi za kupandisha au kushusha sauti.
- Mazoezi humchosha au kumchukiza ingawa zamani yalimfurahisha.

## Sababu

### Kurudia bila kusahihisha

Sababu kubwa ni kupiga wimbo kutoka mwanzo hadi mwisho na kuuita huo mazoezi. Sehemu rahisi hupata marudio mengi kuliko zinavyohitaji, na sehemu ngumu hurudiwa pamoja na kosa lake.

Mwaka 2009 watafiti Robert Duke, Amy Simmons na Carla Davis Cash waliwachunguza wapiga piano 17 wa chuo kikuu waliojifunza kipande kifupi kigumu cha Shostakovich. Siku ya pili walipimwa. Muda waliotumia na idadi ya marudio havikulingana na ubora wa upigaji wao. Walioshika nafasi za juu walikosea kama wengine mwanzoni, lakini walilitambua kosa mara moja, wakapunguza kasi hapohapo na kulirekebisha kabla ya kuendelea.

### Kuridhika na kiwango kinachotosha

Mtu hudumaa pia anapofikia kiwango kinachomwezesha kutimiza kazi yake. Mpiga kinanda wa kwaya anayeweza kusindikiza nyimbo za Jumapili hana kinachomlazimisha kuendelea. Mahitaji yakiongezeka, kwa mfano kwaya inapoleta wimbo mrefu wa Pasaka au Noeli, ndipo pengo linapoonekana.

### Msingi uliorukwa

Wengi hujifunza kwa kuiga vidole vya mwenzao bila kuelewa majina ya noti, mpangilio wa vidole wala hesabu ya mapigo. Njia hiyo huleta matunda haraka, lakini kila wimbo mpya huwa kama kuanza upya.

### Ukosefu wa ala na muda

Mahali pengi kinanda ni mali ya parokia au usharika na kimefungiwa kanisani. Mwanafunzi hukigusa jioni za mazoezi ya kwaya tu, tena wakati ambapo kazi yake ni kusindikiza, si kujifunza. Kukatika kwa umeme, masomo ya bweni na kazi za shambani hupunguza muda huo zaidi.

## Mfano wa mpiga kinanda wa kwaya

Uru iko kaskazini mwa mji wa Moshi, kati ya Kibosho na Old Moshi, na ina kata za Uru Mashariki, Uru Kusini, Uru Kaskazini na Uru Shimbwe. Ukristo uliingia Kilimanjaro mwishoni mwa karne ya 19 kupitia Wamisionari wa Roho Mtakatifu kwa upande wa Wakatoliki, na Misioni ya Leipzig, iliyofika mwaka 1893, kwa upande wa Walutheri. Pamoja na dini zilikuja kwaya za sauti nne, vinanda na tarumbeta.

Nyimbo nyingi za kwaya nchini Tanzania huandikwa kwa solfa, yaani herufi za *do, re, mi, fa, so, la, ti*. Mfumo huu ulienezwa na Mwingereza John Curwen katika karne ya 19, akiendeleza kazi ya Sarah Glover. Ubora wake ni kwamba *do* huhama: mwimbaji akijua umbali kati ya sauti, anaweza kuimba wimbo ukiwa juu au chini bila kujifunza upya.

Kwa mpiga kinanda hali ni tofauti, kwa sababu *do* ikihama vidole navyo huhama. Wimbo ambao *do* yake ni C hupigwa kwa vitufe vyeupe vitupu. *Do* ikiwa E bemoli, vitufe vitatu vya ngazi hiyo ni vyeusi. Vinanda vingi vya umeme vina kitufe cha kuhamisha sauti, kinachomwezesha mtu kupiga kama yuko C huku sauti ikitoka katika ufunguo mwingine. Kitufe hicho huokoa ibada, lakini kinaweza kuwa chanzo cha kudumaa kwa miaka mingi. Anayekitegemea hawezi kupiga ala isiyo na kitufe hicho, wala hawezi kufuata wimbo unaobadilisha ufunguo katikati.

Njia ya kutoka ni ya hatua. Mwanafunzi huchagua wimbo mmoja mfupi anaoujua kwa moyo na kuupiga bila kitufe katika G, ambako kitufe cheusi ni kimoja tu, F diezi. Ukishanyooka, huuhamishia F, yenye B bemoli peke yake. Baadaye huja D na B bemoli zenye vitufe vyeusi viwili viwili. Kwa kuwa wimbo ni uleule, akili haishughulikii sauti mpya bali nafasi mpya za vidole tu. Akitenga wiki mbili kwa kila ufunguo, funguo nne hizi zitamchukua takriban miezi miwili.

Kikwazo kingine ni kusoma sauti nne kwa pamoja. Wengi hupiga sauti ya kwanza kwa mkono wa kulia na besi kwa kushoto, wakabaki hapo. Hatua inayofuata ni kupiga sauti ya kwanza na ya pili kwa mkono wa kulia peke yake, kisha tenori na besi kwa mkono wa kushoto peke yake, ubeti mmoja kwa siku, na kuunganisha mikono mwishoni.

## Mbinu za kushinda kudumaa

### Kutafuta mahali halisi pa tatizo

Kabla ya kuongeza muda wa mazoezi, mwanafunzi hushauriwa kujirekodi kwa simu na kusikiliza baadaye bila ala mkononi. Anapopiga, masikio yake yanashughulika na tendo linalofuata; anaposikiliza, huyasikia makosa aliyoyapita. Tatizo huandikwa kwa maneno mahususi. "Napiga vibaya" hakusaidii. "Kidole cha nne huchelewa katika pigo la tatu" kunaonyesha la kufanya.

### Kupunguza kasi na vipande

Sehemu ngumu hukatwa mpaka ibaki kipande cha pigo moja au mawili, kisha hupigwa polepole kiasi cha kutokosea. Metronomu, ala ya kuhesabia mapigo ambayo Johann Maelzel aliipatia hataza mwaka 1815, sasa hupatikana kama programu ya bure katika simu.

Kwa mfano, wimbo unahitaji mapigo 96 kwa dakika na mwanafunzi hukosea. Huanza na mapigo 60. Akipiga mara tatu mfululizo bila kosa, huongeza mapigo 4. Kwa utaratibu huo atafika 96 baada ya kupanda ngazi tisa. Akikosea, hurudi ngazi moja nyuma. Si lazima amalize siku moja.

### Kuchanganya mazoezi

Desturi ya wengi ni kumaliza kipande kimoja kabla ya kugusa kingine. Mwaka 2016 Christine Carter na Jessica Grahn walichapisha utafiti uliohusu wapiga klarineti 10. Vipande vingine vilifanyiwa mazoezi kwa dakika 12 mfululizo. Vingine kwa dakika tatu tatu kwa kupokezana mpaka kutimia 12. Kwa jumla tathmini za upigaji zilielekea kuipendelea njia ya kupokezana, ingawa kundi lilikuwa dogo. Mpokezano humlazimisha mtu kukikumbuka kipande upya kila anapokirudia, na ndivyo anavyotakiwa kufanya siku ya kupiga mbele ya watu.

### Mazoezi ya akilini

Mbinu hii ina faida kubwa kwa asiye na ala nyumbani. Mwaka 1995 Alvaro Pascual-Leone na wenzake walichapisha jaribio la zoezi la vidole vitano kwenye kinanda, saa mbili kwa siku kwa siku tano. Kundi moja lilipiga; jingine liliwaza tu kwamba linapiga. Waliopiga waliendelea zaidi, lakini waliowaza nao waliendelea. Baada ya kipindi kimoja tu cha kupiga kwa vidole, wakawa sawa na wenzao wa siku tano.

Kwa hiyo mwanafunzi anaweza kuchora vitufe vya kinanda kwenye boksi la karatasi, akaweka karatasi ya solfa mbele yake na kupiga kimyakimya huku akiimba. Mbinu hii haiwezi kuchukua nafasi ya ala, ila huzifanya dakika chache za kinanda cha kanisa zitumike kusahihisha badala ya kuanza upya.

### Kupumzika na kulala

Katika jaribio la Matthew Walker na wenzake la mwaka 2002, watu waliojifunza mfuatano wa kugonga vidole waliongeza kasi kwa karibu asilimia 20 baada ya kulala usiku, bila mazoezi ya ziada. Waliokaa macho kwa muda huohuo hawakupata ongezeko kama hilo. Kwa sababu hiyo dakika 20 kila siku kwa siku sita huwa bora kuliko saa mbili za Jumamosi, ingawa jumla ya muda ni ileile. Haba na haba hujaza kibaba.

Kwa wapiga tarumbeta mapumziko ni ya lazima zaidi, kwani misuli ya midomo huchoka upesi. Anayelazimisha sauti za juu akiwa amechoka huibana ala kwenye midomo, na tabia hiyo huzaa kudumaa kwingine.

### Kubadilisha mwalimu, wenzi au aina ya muziki

Mwalimu mwingine, hata kwa kikao kimoja, anaweza kuona kosa ambalo mwanafunzi na mwalimu wake wamelizoea. Kupiga na watu wengine hukuza uwezo wa kushika mapigo. Kumfundisha anayeanza nako husaidia, kwa kuwa mfundishaji hulazimika kueleza kwa maneno jambo ambalo vidole vyake hufanya bila kufikiri.

## Vikwazo vya ala mbalimbali

| Ala | Mahali wengi hudumaa | Zoezi linalosaidia |
|---|---|---|
| Kinanda | Kutegemea ufunguo wa C. Mkono wa kushoto dhaifu | Wimbo mmoja katika funguo kadhaa. Mkono wa kushoto peke yake |
| Gitaa | Kodi za kubana nyuzi zote kwa kidole kimoja | Kubana nyuzi chache kwanza. Kubadilisha kodi mbili kwa mapigo ya polepole |
| Tarumbeta | Sauti za juu. Pumzi fupi | Sauti ndefu za utulivu. Kupumzika kila baada ya dakika chache |
| Klarineti | Kuvuka kutoka sauti za chini kwenda za juu | Kuandaa vidole vya mkono wa kulia mapema. Noti mbili tu kwa kurudia |
| Ngoma | Kuongeza kasi bila kukusudia | Kupiga na metronomu; kuhesabu kwa sauti |

## Mahali pa kujiendeleza

Katika kanda ya kaskazini, Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, kilichopo Usa River kwenye barabara ya Moshi kwenda Arusha, hufundisha muziki kwa ngazi ya shahada. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), ambayo asili yake ni Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, hufundisha ala za asili na za kisasa. Huko Zanzibar, Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi hufundisha taarabu na ala zake kama udi, kanuni na fidla. Katika sharika za KKKT Dayosisi ya Kaskazini kuna utamaduni wa vikundi vya tarumbeta ambao mizizi yake ni kwa wamisionari wa Kijerumani.

Moshi ina uhusiano mwingine na ala. Klarineti nyingi bora duniani hutengenezwa kwa mti wa mpingo (*Dalbergia melanoxylon*), unaoota Tanzania. Mwaka 1996 Sebastian Chuwa wa Kibosho na Mmarekani James Harris walianzisha mradi wa kuuhifadhi na kuupanda mti huo, na miche mingi ilioteshwa katika vitalu vya Moshi.

## Kudumaa na maumivu

Mtu aliyekwama huweza kuamua kufanya mazoezi kwa saa nyingi mfululizo. Maumivu ya kifundo cha mkono, ganzi ya vidole au uchovu wa midomo usioisha si dalili za bidii bali za kuumia. Mtunzi Mjerumani Robert Schumann alilazimika kuacha ndoto ya kuwa mpiga piano baada ya mkono wake wa kulia kuharibika akiwa kijana. Inaaminiwa kwamba kifaa alichotumia kuimarisha vidole kilichangia. Maumivu yakiendelea baada ya kupumzika, mwanafunzi anapaswa kumwona daktari.

## Mjadala kuhusu kipaji na saa za mazoezi

Mwaka 1993 K. Anders Ericsson na wenzake walichapisha utafiti wa wapiga fidla wa chuo cha muziki mjini Berlin. Kufikia umri wa miaka 18, kundi bora lilikuwa limefanya mazoezi ya peke yao kwa wastani wa saa zipatazo 7,400, kundi la pili 5,300, na waliosomea ualimu 3,400. Kutokana na utafiti huo kulienea wazo la "saa 10,000", hasa kupitia kitabu cha Malcolm Gladwell cha mwaka 2008. Ericsson mwenyewe alilipinga wazo hilo, akisema si saa tu zinazojenga ujuzi bali mazoezi yenye lengo na masahihisho.

Mwaka 2014 Brooke Macnamara na wenzake walikusanya tafiti nyingi na kukuta kwamba katika muziki mazoezi ya namna hiyo yalieleza takriban asilimia 21 ya tofauti za uwezo kati ya watu. Iliyobaki inatokana na mambo mengine, ambayo huenda yakawa pamoja na umri wa kuanza na maumbile.

Kwa mwanafunzi aliyekwama, pande zote mbili za mjadala zina jibu moja la kufaa. Hawezi kubadilisha umri alioanzia wala maumbile yake, lakini anaweza kubadilisha namna anavyotumia dakika zake ishirini za leo. Kwaya nyingi zina mpiga kinanda mmoja au wawili tu. Mmoja wao akikata tamaa, waimbaji wote hubaki bila wa kuwasindikiza.

## Tazama pia

- Kwaya
- Solfa
- Kinanda
- Mpingo
- Uru
- Saikolojia ya elimu